Chawa wa Mheshimiwa

Katika wadudu wote ambao kazi yangu imenilazimisha kuwajua, chawa wa mbuzi ndiye ninayemdharau kupita wote. Kupe angalau ana subira. Hupanda kwenye jani la nyasi akakaa hapo siku nyingi, miguu ameinyoosha, akimngoja mnyama apite. Kiroboto anaruka, na ukitaka kumkamata utatoka jasho. Mbu huja akiimba, kwa hiyo huwezi kusema hakukuarifu. Chawa wa mbuzi hafanyi lolote katika hayo. Huzaliwa juu ya mbuzi, hunyonya damu palepale alipozaliwa, hupata mwenzi palepale, hutaga mayai na kuyagandisha kwenye unywele uleule, kisha hufa bila kugusa ardhi hata mara moja. Ukimtoa ukamweka mezani hakimbii. Anasota kidogo, anakwama, na baada ya siku chache amekauka.

Na hana macho. Mwalimu wetu chuoni alituonyesha kwa hadubini: kichwa chembamba kilichochongoka, miguu sita, ile ya nyuma ina kucha nene za kukumbatia nywele, na pale ambapo macho yangekuwa hapana kitu. Familia yao nzima, wale wanaokaa kwa mbuzi, kondoo na ng'ombe, iko hivyo. Wenzangu waliandika kwenye madaftari. Mimi nilicheka. Niliona ni haki yake. Kiumbe ambaye chakula chake kiko chini ya mdomo wake tangu siku ya kuzaliwa atazame nini?

Mimi ni afisa wa afya ya mifugo hapa Garissa. Watu huniita daktari, ingawa nilicho nacho ni diploma. Nimezoea, na nikisema ukweli, nalipenda jina hilo. Ni kwa jina hilo nilipigiwa simu asubuhi moja niende kwa Mheshimiwa.

Huyu Mheshimiwa hakuwa mheshimiwa wa kitu chochote. Alikuwa amegombea kiti mara mbili na kushindwa mara mbili, lakini heshima ilibaki kwenye jina lake, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuiondoa. Alikuwa na nyumba kubwa si mbali na mto, ndevu zilizopakwa hina kila Alhamisi, na mpiga picha aliyemfuata kila mahali na simu mbili. Ukame ulikuwa umepita ukituachia wanyama wa mifupa mitupu, na wafugaji wengi walikuwa wamepoteza madume yao. Mheshimiwa akapata wazo. Alinunua mabeberu sita kutoka kule juu kwenye baridi, ile nchi ambayo wazee wetu bado wanaiita Kenya kana kwamba sisi tuko kwingine, na akatangaza kwamba atawagawia wajane sita wa Bura. Alichotaka kwangu ni barua ya kusema mabeberu ni wazima, ili aisome kwenye kipaza sauti.

Nilimkuta uani, amekaa kwenye kiti cha plastiki. Mabeberu walikuwa wamefungwa kwenye kivuli cha ukuta. Walikuwa wakubwa, wa kahawia, wenye manyoya marefu ambayo mbuzi wetu weupe hawana. Mmoja alikuwa anajisugua kwenye ukuta kwa bidii mpaka rangi ya ukuta ilikuwa imetoka. Kando yao alisimama mchungaji wake, mzee mwembamba aliyetoka Somalia zamani na kuishi miaka mingi kambini Dadaab kabla ya kuja mjini kutafuta kibarua. Nilimsalimu kwa kumwita adeer, yaani baba mdogo, kama tunavyowaita wanaume wa umri wake, nao hutuita vivyo hivyo.

Hakupoteza maneno. Alimshika yule beberu aliyekuwa akijisugua, akainua mguu wake wa mbele, na kwa vidole viwili akatenganisha manyoya ya kwapani.

"Injir," akasema. Ndiyo chawa kwa Kisomali.

Niliinama. Walikuwepo, na hawakuwa wachache. Walikuwa na rangi ya samawati iliyochanganyika na majivu, wamejipanga kichwa chini, matumbo yao yamejaa. Mayai yao meupe yalikuwa yameshika nywele kama punje za chumvi. Nikamwangalia wa pili, shingoni. Wa tatu, kifuani. Wote sita walikuwa nao.

Mheshimiwa alipenda kunisemesha kwa Kiswahili, labda ili mzee asielewe. "Wazima, daktari?"

"Wana chawa."

Alicheka. "Hiyo ni fumbi. Fumbi ya safari."

"Vumbi halina miguu, Mheshimiwa."

Hapo akakasirika. Alisimama, akaja, lakini alisimama hatua tatu kutoka kwa mbuzi, mikono nyuma. "Mimi mbusi yangu haina chawa," akasema. "Chawa ni ya watu ya kambi. Huyu msee ndiye ameleta."

Yule mzee alielewa. Neno kambi analielewa kila mtu. Alishusha mguu wa beberu taratibu, akapiga kofi mgongoni mwake kumtuliza, na akarudi ukutani.

Nilimweleza Mheshimiwa kwa utulivu kwamba chawa wa mbuzi ni wa mbuzi, hatoki kwa binadamu wala haendi kwake. Nilimweleza kwamba dawa ninayo, ila inaua chawa tu, haiui mayai. Kwa hiyo tutapulizia leo, mayai yataanguliwa, na baada ya wiki mbili tutapulizia tena kabla wale wadogo hawajakua na kutaga. Baada ya hapo agawe mabeberu wake na Mungu ambariki. Alinisikiliza kama anavyosikiliza mtu aliyekwisha kuamua.

"Wiki mbili," akasema. "Sherehe ni Jumamosi."

Ilikuwa Jumanne.

Alitembea pembeni akapiga simu. Sikuhitaji kusikia alimpigia nani, kwa sababu haikupita muda simu yangu ikalia. Alikuwa mkubwa wangu wa kazi, mtu ambaye katika miaka yote niliyomjua sijamwona akigusa mnyama, ila kwa meno.

"Kuna shida gani huko?" akauliza.

"Mabeberu wana chawa, bosi. Wakienda Bura hivi wataambukiza mbuzi ambao hawana hata nguvu ya kusimama."

"Chawa! Mtu anatoa msaada kwa wajane, wewe unamletea habari za chawa. Una dawa?"

"Ninayo, lakini mara moja haitoshi."

"Pulizia mara moja. Andika wamepuliziwa, wazima. Si utakuwa umesema kweli?"

Nikaanza kumweleza habari ya mayai, akanikatiza.

"Au unataka nimtume mwingine akaandike?"

Nikapulizia. Hata hiyo moja haikuwa kazi ya maana, maana manyoya yale marefu yalitaka kuloweshwa mpaka ngozini, na mpiga picha alikuwa akilalamika kwamba mbuzi waliolowa hawapendezi. Yule mzee aliwashika mmoja mmoja, mimi nikapiga pampu. Tulipomaliza nikaweka karatasi juu ya paja na kuandika kwamba nimewakagua wanyama sita, wamepata dawa, wana afya njema, wanafaa kwa uzazi. Nikaweka sahihi na muhuri. Mzee alikuwa akinitazama. Hajui kusoma Kiswahili, lakini muhuri aliuona.

Sikutishwa na bunduki. Sikutishwa hata na kufukuzwa kazi. Nilitishwa na wazo kwamba mwingine angeandika na mimi nisingealikwa tena mahali kama pale. Huo ndio uzito wa kilichonisukuma.

Kati ya wajane sita wa Bura, mmoja alikuwa shangazi yangu. Kwetu shangazi na mtoto wa kaka yake huitana kwa neno hilohilo moja, eedo. Mimi namwita eedo, naye ananiita eedo. Nililelewa kwake miaka yangu ya shule ya msingi, kwa sababu yeye alikuwa karibu na shule na wazazi wangu walikuwa wakihama na mifugo. Nilikunywa maziwa ya mbuzi wake kila asubuhi kabla ya kwenda darasani. Katika ukame huu wa mwisho aliokoa sehemu ndogo ya kundi lake kwa kutembea na upondo mrefu akiangusha maganda ya migunga, na wengine aliwalaza ndani ya nyumba yake mwenyewe. Dume lake lilikufa. Aliposikia jina lake limo katika orodha ya Mheshimiwa, alinipigia simu akicheka kama msichana.

Jumamosi walileta Bura hema, viti, vipaza sauti, na soda ambazo zilikuwa moto kabla hazijafunguliwa. Mabeberu walivalishwa utepe shingoni. Mheshimiwa alisoma barua yangu, na alipofika kwenye maneno "afya njema" alirudia mara mbili, mara ya pili akielekeza simu ya mpiga picha kwa kidole. Alitoa hotuba ndefu kuhusu jinsi yeye na wafugaji ni damu moja. Nilikaa mstari wa mbele, nimevaa koti langu jeupe, kwa sababu aliniomba nilivae.

Ikafika zamu ya eedo. Alipokea kamba, lakini hakuondoka haraka kama wale wengine. Ni mfugaji. Alimzunguka yule beberu, akamshika mapumbu, akamfungua mdomo akatazama meno. Kisha akageuka akanitafuta kwa macho, akaja mpaka mbele yangu na mnyama nyuma yake.

"Eedo," akasema kwa sauti ya chini, "mbona ana kipara hapa shingoni?"

"Kamba ya safari."

"Ni mzima?"

Mpiga picha alikuwa amesimama pale. Mheshimiwa alikuwa akitabasamu juu ya jukwaa.

"Ni mzima, eedo."

Basi akaridhika. Hakuuliza tena, wala hakupekua tena. Mwanamke ambaye angemkagua mbuzi wa malaika alikwenda nyumbani na yule mnyama akimwimbia njia nzima, kwa sababu mtoto wa kaka yake, mwenye koti jeupe, alisema ni mzima.

Mvua za masika zilikuja mapema, na zilikuja na baridi. Hapa kwetu watu huomba mvua miezi mingi, kisha siku za kwanza zinaua wanyama kuliko jua, maana mnyama aliyekonda hana kitu cha kupambana na baridi. Yapata wiki ya sita baada ya sherehe, eedo alinipigia.

"Watoto wa mbuzi wanakufa," akasema. "Hawaharishi. Hawakohoi. Wanajikuna mpaka wanaanguka, na ufizi wao ni mweupe kama karatasi. Njoo."

Sikuhitaji kwenda ili kujua. Lakini nilikwenda, na nilibeba pampu na dawa niliyoinunua mwenyewe, kwa sababu nilikuwa na haya ya kuiomba ofisini.

Nilimkuta amekaa chini mlangoni, mwanambuzi mmoja mapajani mwake, kamfunika kwa shuka. Nilipochuchumaa akamfunua mgongo. Manyoya meupe ya mbuzi wetu ni mafupi, huhitaji kupekua. Chawa walikuwa wametapakaa kama pilipili manga iliyomwagika. Na mwanambuzi hakuwa hata akijikuna tena. Nilitazama ndani ya kope zake na hapakuwa na wekundu wowote.

Nilianza kueleza kuhusu damu, na baridi, na udhaifu uliotokana na ukame. Nilizungumza kwa muda. Nilisikia sauti yangu ikitumia maneno ya darasani.

Eedo alingoja nimalize. "Nyumbani kwangu hapakuwa na injir," akasema. "Hata wakati wa njaa hapakuwa. Wameanza kwapani mwa yule dume. Nimetazama leo. Mayai ya zamani yamo, yamekauka, na mapya yamo. Wewe ulimkagua."

"Ndiyo."

"Ulikuwa hujui, au ulijua?"

Ningeweza kusema sikujua. Angeumia kidogo, angesema chuo siku hizi hakifundishi, na yangeisha. Lakini mwanambuzi yule alikuwa akitazama pembeni kwa jicho lililokwisha kufifia, na sikuweza.

"Nilijua."

Hakunipigia kelele. Alimfunika mwanambuzi, akamlaza juu ya gunia, akasimama na kukunja mikono ya nguo yake.

"Haya, daktari," akasema. "Tufanye kazi."

Alikuwa hajawahi kuniita hivyo. Wengine wakiniita daktari hujisikia vizuri. Siku ile nilitamani anichape.

Tulipulizia kundi zima, wakubwa kwa wadogo. Hakuniruhusu niharakishe. Kila mbuzi alimgeuza mwenyewe, akaniinulia kwapa, mkia, masikio, na kuniambia, "Hapa bado, daktari," mpaka dawa ilipotiririka kwenye viwiko vyangu. Mwanambuzi wa mlangoni alikufa kabla ya adhuhuri. Eedo alimbeba nje ya boma akarudi na kushika mwingine. Sikupewa chai. Katika nyumba ile mimi sijawahi kukosa chai, hata nilipokuwa mtoto mtundu niliyevunja vibuyu.

Baada ya wiki mbili nilirudi tukapulizia tena, kama ambavyo ingepaswa kufanywa uani kwa Mheshimiwa. Waliobaki walipona. Chawa wakatulia, kisha wakaisha. Ni mdudu mwepesi sana kumuua, ndiyo maana hasira yangu haiishi. Kazi ya siku mbili na kungoja kidogo.

Lakini beberu eedo hakumpulizia. Alikuwa amemfunga mbali na wengine, peke yake, akimlisha na kumnywesha kwa uangalifu, na aliponiambia atampulizia mwenyewe nilimwamini. Kumbe alikuwa akimtunza na wageni wake.

Siku chache baadaye simu yangu ikalia nikiwa ofisini. "Njoo nyumbani kwa mtu wako," akasema eedo, akakata.

Nilipofika kwa Mheshimiwa, gari dogo la mizigo lilikuwa limesimama nje ya lango, na lango lilikuwa wazi. Swala ya alasiri ilikuwa imeisha na Mheshimiwa alikuwa na wageni sebuleni, wazee wa heshima na wafanyabiashara, wamejiegemeza kwenye mito ya rangi, chai na halua mbele yao. Mimi niliingia nyuma ya eedo. Alikuwa amevaa mtandio wake mzuri, ule wa Idi, na alikuwa anamvuta beberu juu ya zulia jekundu, kwato zikizama.

"Mama, mama!" Mheshimiwa akasema, akinyanyuka. "Mnyama nje!"

"Assalamu alaykum," eedo akawaambia wageni, na wageni wakaitikia, kwa sababu salamu haina budi kuitikiwa. Kisha akamwambia yeye, kwa Kisomali, kwa sauti ya mtu anayemshukuru jirani: "Ulinipa zawadi mbele ya watu. Nimeona si vizuri nirudishe kwa siri. Nimekuletea vyote ulivyonipa, wakubwa kwa wadogo. Sijabakiza hata mmoja."

Akamlaza beberu ubavu, akainua mguu wa mbele, akafungua manyoya ya kwapani kwa mikono miwili. Mzee mmoja mwenye miwani aliinama kutazama. Halafu akaweka kikombe chake chini na kusogea nyuma mpaka akafika ukutani. Wengine walifuata. Sijawahi kuona watu wazima wenye uzito ule wakisimama kwa wepesi ule.

Mheshimiwa alikuwa amepanda juu ya mto. "Si mimi!" akasema. "Nina karatasi! Sahihi ni ya mtoto wa kaka yako, huyo hapo. Ameandika ni wazima!"

Wote wakanitazama. Kama kuna kitu ambacho hadi leo nakikumbuka kwa kichefuchefu, ni kwamba kwa sekunde kadhaa nilitafuta la kujitetea. Nilitafuta kweli.

"Sahihi ni yangu," nikasema mwishowe. "Chawa ni wako. Nilikuambia wakiwa hapo uani, ukasema ni vumbi."

Hakuna aliyecheka. Mzee wa miwani alianza kutafuta viatu vyake. Mheshimiwa alikuwa ameanza kujikuna, kwanza shingoni, kisha chini ya ndevu, kisha akawa anajikuna kwa mikono yote miwili. "Wamenipanda," akasema. "Daktari, wamenipanda! Dawa iko wapi?"

Ningeweza kumwambia. Nilikuwa nimekwisha kumwambia mara moja kwamba chawa wa mbuzi hana haja naye, haruki, hawezi hata kuvuka zulia akafika. Hakusikia wakati ule kwa sababu ulikuwa ukweli usiomfaa; sasa ungemfaa, nami nikaamua kumnyima. "Oga," nikasema, na nikatoka na eedo.

Nilisikia baadaye kwamba zulia lilichomwa moto nyuma ya nyumba, na mito yote, na kwamba alinyoa ndevu zile za hina mpaka kidevu kikabaki kama cha mtoto. Kwa wiki nzima aliogea dawa ya kuogeshea ng'ombe, mpaka ngozi ikambabuka. Watu wa mjini walinisimulia wakishika mbavu. Nami nilicheka, na kila nilipocheka nilimkumbuka mwanambuzi wa mlangoni na kicheko kikakatika.

Sitaki mtu afikiri haki ilitendeka. Yule mzee mchungaji alifukuzwa kesho yake. Ilibidi awepo aliyeleta chawa, na mtu wa kambi alikuwa karibu. Nilikwenda kumtafuta nikamkuta stendi, anangoja gari la Habaswein, ambako mfanyabiashara mmoja wa mifugo alikuwa amemwahidi kazi. Alikuwa na mfuko mmoja wa plastiki na birika la udhu.

"Adeer," nikamwambia, "nimekuja kuomba radhi. Ulisema kweli mbele yangu nami nikaandika uongo."

Alinitazama bila chuki. Ningependelea chuki.

"Mimi nilikuonyesha chawa ili wanyama wapate dawa," akasema. "Wewe uliangalia, uliona, ukaelewa kuliko mimi. Umesomea. Mimi sikuwa na kalamu." Akatazama barabarani kama gari linakuja, nalo lilikuwa bado. "Nenda, adeer. Jua kali."

Nilikwenda kwa wale wajane wengine watano. Wawili walikuwa wamekwisha kula mabeberu wao, nikashukuru. Kwa wale watatu nilipulizia makundi mara mbili na nikawaambia wazi kwa nini nimekuja. Mmoja alinifukuza na fimbo kabla sijamaliza kusema, akanirudisha kesho yake kwa sababu mbuzi walikuwa wakijikuna. Niliandika ripoti nyingine, ndefu, nikieleza nilichoona Jumanne ile na nilichoandika. Mkubwa wangu aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaitia kwenye droo.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Sasa rudi kazini, na uache mambo ya chawa."

Droo ile ndiyo mwisho wa habari hiyo ofisini. Mheshimiwa ndevu zimeota tena. Nasikia anafikiria kugombea.

Mwaka huu nilipita Bura katika kampeni ya chanjo. Tulikuwa maofisa wawili, mimi na mwenzangu aliyehamishiwa kwetu kutoka upande wa ziwa, mtu mpole asiyejua neno la Kisomali zaidi ya salamu. Watu walileta mbuzi kwenye uzio, wakajipanga mistari miwili. Eedo alikuja na kundi lake, ambalo limeanza kuongezeka, na dume jeupe alilolinunua mwenyewe. Mstari wangu ulikuwa mfupi. Alisimama katika ule mwingine.

Nilimsikia akiongea na yule bwana kwa Kiswahili, lugha ambayo sijawahi kumsikia akiitumia isipokuwa kufukuza mbwa wa polisi.

"Wewe angalia hii," alimwambia. "Hapana kwa mgongo. Hapa, kwa kwaba. Fungua msuri. Bole bole."

Mwenzangu akafungua manyoya ya kwapani, akatazama kwa makini, akamwambia hakuna kitu, mama, ni msafi kabisa.

"Angalia tena," eedo akasema.

Akaangalia tena. Mimi nilikuwa na sindano mkononi na mbuzi wa mtu mwingine kati ya magoti yangu, nikamchanja, nikamwachia, nikaita anayefuata.